Sikutaka gari linukie, nilitaka lisinuke

Kwa harufu moja tu nimetoa mfukoni karibu laki tatu, na katika hizo karibu laki nzima ilikwenda bure. Naandika ili mwenzangu aliyemwagikiwa na kitu ndani ya gari asianzie nilipoanzia mimi.

Nauza maziwa na mtindi Dar es Salaam. Maziwa nayafuata mwenyewe Mlandizi, mara 3 kwa wiki, alfajiri, kwa wafugaji wawili ambao huu ni mwaka wa 6 nafanya nao kazi. Gari langu ni Toyota Raum, ile yenye mlango wa pembeni wa kusukuma. Siti za nyuma nazilaza, vyombo vinapangwa kuanzia buti mpaka mgongoni kwa siti ya dereva. Vyombo vyangu ni vya aluminiamu vyenye kifuniko cha kubana, kwa sababu dumu la plastiki hulisugui likatakata. Kwenye kona zake na ndani ya mpini hubaki utando, na maziwa ya kesho yanachachia hapo hapo. Hilo nalijua, na nimewafundisha wengi.

Lakini Alhamisi moja ya mwezi wa tatu maziwa yalizidi vyombo, nikaazima dumu la lita 20 kwa mfugaji. Kifuniko chake kilikuwa kimeisha nyuzi, tukakifunga kwa mfuko wa nailoni. Nimefika Kiluvya, gari likaruka tuta, dumu likalala ubavu. Mpaka napata pa kuegesha, maziwa yalikuwa yameshapita chini ya siti yangu, nayaona yanachungulia kwenye pedali. Nilipolisimamisha dumu zilikuwa zimebaki lita 12. Lita 8 zilikuwa ndani ya gari.

Nilifanya anachofanya kila mtu: nikafuta kwa kanga, nikamwagia maji, nikafuta tena, nikaenda zangu kuuza. Siku ile gari halikuwa na harufu yoyote. Jumamosi lilinuka mtindi, na mtindi mimi sijali, nimelelewa nao. Jumanne iliyofuata nilifungua mlango nikarudi nyuma hatua mbili. Ilikuwa harufu ya matapishi ya mtoto mchanga yaliyokaa kwenye shuka, pamoja na samli iliyovunda. Baadaye fundi alinieleza kwamba sikukosea kufananisha. Mafuta ya maziwa yakivunjwavunjwa na bakteria hutoa asidi iitwayo butiriki, na hiyo hiyo ndiyo unayoisikia kwenye matapishi na kwenye siagi iliyooza. Pua ya binadamu huikamata hata ikiwa kidogo sana. Ndiyo maana kikombe kimoja cha maziwa chini ya kapeti kinatosha kukutoa kwenye gari, sembuse lita 8.

Nikaanza kununua harufu.

Kwanza vile vimti vya karatasi vya kuning'iniza kwenye kioo cha mbele. Nilichukua vitatu, 4,000 kila kimoja. Kijana wangu alinisomea asili yake: aliyevibuni ni mkemia aitwaye Julius Sämann, mwaka 1952, huko Watertown katika jimbo la New York, baada ya dereva wa gari la kusambaza maziwa kumlalamikia harufu ya maziwa yaliyomwagika. Mnaweza kufikiri nilivyofurahi. Kitu kimezaliwa kwa ajili ya shida yangu hasa! Nikavitundika vyote vitatu. Kwa siku mbili gari lilinuka msonobari na matapishi, kila kimoja kivyake, hakuna kilichomfunika mwenzake.

Nisikionee lakini. Kwa gari safi ambalo mtu anataka tu linukie, kimti kile ni kizuri na ni cha bei ndogo, ila wengi tunakitumia vibaya. Tunachana nailoni yote siku ya kwanza, kinatupiga kichwa wiki moja kisha kinakufa. Nailoni inatakiwa kukatwa juu tu, halafu kimti kinavutwa kidogo kidogo kila wiki. Na kining'inie hewani, kisilale kwenye dashibodi, maana mafuta yake yanaharibu plastiki. Baada ya vimti nilinunua jeli ya kopo, 15,000, ya kuweka chini ya siti. Ya jeli sina la kusema zaidi ya kwamba nilirudi nyumbani kichwa kinaniuma.

Kisha udi. Mimi ni mtu wa pwani, na nyumbani udi ndio unaomaliza kila kitu, wageni wakija, nguo zikifukizwa, mgonjwa akipona. Nikawasha chetezo, nikakiweka kwenye sakafu ya gari juu ya sinia, nikafunga vioo nusu saa. Nilipofungua, nakuambia kweli, lilinukia kama chumba cha bibi harusi. Nikashukuru Mungu, nikaenda Mlandizi.

Keshoye mteja wangu wa Magomeni, mama wa heshima ananunua kwangu tangu nianze, akaja na chupa yangu ya mtindi mkononi.

"Dada, samahani. Mtindi wako leo una udi."

Nikaonja. Ulikuwa nao kweli. Maziwa yana mafuta, na mafuta hushika harufu. Kila mfugaji anajua kwamba ukiacha maziwa wazi karibu na vitunguu au mafuta ya taa yanabeba kila kitu. Mimi nilikuwa nimefungua vyombo ndani ya gari, napimia wateja wa njiani. Nikamrudishia hela yake, nikamwomba radhi, na usiku ule sikulala vizuri. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa natafuta kitu nisichokihitaji. Gari la maziwa halitakiwi kunukia. Linatakiwa lisinuke. Haya ni mambo mawili tofauti kabisa, na karibu kila kinachouzwa barabarani kwa jina la dawa ya harufu ya gari kinafanya la kwanza.

Nikaamua liende likaoshwe ndani. Mahali pa kwanza sipataji, ila pana mashine, pana vijana wenye sare, pana mahali pa kukaa na televisheni. Niliwaeleza wazi kwamba maziwa yalimwagika sakafuni. Wakaniambia 50,000, saa mbili tu liko tayari. Nikiwa nimekaa nawaona: kijana anapulizia povu juu ya kapeti, anasugua kwa brashi, anapiga maji ya presha, ananyonya kwa mashine, mwisho anapuliza manukato kwenye siti. Kapeti ilitakata, hilo nakubali, hata doa la chai la mwaka juzi lilitoka. Lakini hakuna aliyeinua kitu. Siti zilibaki pale pale. Nilipokanyaga sakafu upande wa dereva, kiatu kiliacha alama ya maji.

Na ule ulikuwa mwezi wa tatu unaelekea wa nne, masika imeshika. Kitu kikilowana Dar es Salaam wakati huo hakikauki kwa kufungua vioo. Siku ya nne harufu zilikuwa mbili: ya zamani, imerudi na nguvu zaidi kwa sababu imenyweshwa maji ikapelekwa chini zaidi, na mpya ya ukungu, kama kabati la nguo lililofungwa msimu mzima. Nikarudi pale. Msimamizi akaninusia dirishani bila kuingia, akasema, "Mama, hiyo ni ya kawaida, itaisha yenyewe." Nilimwambia, "Mwanangu, mimi nauza chakula, kwangu hakuna harufu ya kawaida." Hakurudisha hata shilingi.

Fundi wa pili nilielekezwa na dereva mmoja wa gari za kukodi. Yuko Tabata, uwanjani chini ya mwembe, hana sare wala televisheni. Kazi yake ni ndani ya magari tu, nje haoshi. Yeye ndiye hasa ninayetaka kumwelezea.

Alinipokea kwa shikamoo, akasikiliza kisa chote, kisha akafanya jambo ambalo wengine wote hawakulifanya. Akafunga vioo, akaliacha gari juani dakika 10 hivi, halafu akafungua mlango mmoja mmoja, kila mlango akapiga goti na kuinamisha pua mpaka usawa wa kapeti. Mlango wa abiria wa mbele akatikisa kichwa: hapana. Buti: kidogo. Mlango wa dereva: akainuka haraka. Akachukua kitambaa cheupe kikavu, akakiweka chini ya siti ya dereva, akakikandamiza kwa ngumi na uzito wa mwili wake wote akihesabu mpaka thelathini. Kitambaa kilitoka na duara la manjano, kubwa kama sahani ya chai. Hii ni wiki ya 4 tangu maziwa yamwagike, na juu kapeti ilikuwa kavu kabisa.

"Mama, harufu yako haiko hewani," akaniambia. "Imelala chini. Tukipuliza huku juu tunamdanganya mama, na mimi simdanganyi mama."

Akanitajia 150,000, siku mbili. Nikaona nyingi. Akaniambia kinachokula hela si sabuni, ni kung'oa na kukausha. Nikakubali.

Nilikaa nikaangalia kwa sababu nilitaka kujua. Alianza na betri: akachomoa waya wa hasi, akasubiri. Nikamuuliza anangoja nini. Akanionyesha chini ya siti ya dereva soketi ndogo zenye ganda la manjano. Manjano maana yake ni waya za mikanda na za mifuko ya hewa, ile inayofumuka gari likigonga. Hazichomolewi betri ikiwa imeunganishwa, na hata ukishaitoa unasubiri umeme uliobaki uishe, si chini ya sekunde 90. Ukikuta mtu anang'oa siti zako bila kugusa betri, msimamishe. Kisha spana ya 14, bolti 4 kila siti, siti zikatoka nje zikawekwa juu ya turubai. Chini ya siti yangu tulikuta shilingi 700, kibanio cha nywele, na hereni ya binti yangu aliyoililia mwaka jana.

Halafu akabandua plastiki za kizingiti cha mlango na kuinua kapeti. Nataka nieleze nilichokiona, maana ndicho kilichokuwa kimefichika siku zote. Kapeti ya gari ni ngozi tu. Chini yake kuna godoro, nene kama vidole viwili, la matambara yaliyosindikwa na sponji, kazi yake ni kuzuia kelele na joto la barabarani. Lile godoro lilikuwa limelowa kama mkate kwenye chai. Upande wa chini lilikuwa la kijivu, limeshikwa na mabongemabonge meupe, mtindi uliokatika hasa, na mengine yameshakuwa ya kijani pembeni. Fundi alikunja kona moja akaiminya, yakatoka maji ya rangi ya mchuzi. Chini kabisa, juu ya bati, kulikuwa na dimbwi jembamba limefuata reli ya siti, na pale rangi ilipokuwa imekwaruzika kutu ilishaanza. Nilisimama nikalia kidogo, siwezi kuficha. Wiki 4 nimekuwa napakia chakula cha watu juu ya kitu kile.

Sakafuni kuna vizibo vya mpira vya duara, vya kutolea maji, ambavyo miaka yote sikuvijua. Akavitoa, akasuuza bati maji yakatokea chini ya gari. Godoro likapelekwa kwenye beseni kubwa. Maji ya kwanza yalikuwa ya baridi. Akanieleza kwamba ukianza na ya moto unayapika maziwa kwenye nyuzi, yanaganda na kung'ang'ania kama ukoko kwenye sufuria. Akabadilisha maji mara 5 mpaka yakatoka safi.

Baada ya hapo dawa. Si manukato. Ni ile yenye vimeng'enya, jamii ya zile zinazouzwa kwa ajili ya mikojo ya watoto kwenye magodoro. Vimeng'enya vinakata mafuta na protini ya maziwa vipande vipande, kama tumbo linavyofanya, ili bakteria wakose cha kula. Lakini vinataka muda na ubichi. Ukipulizia na kufuta papo hapo umetupa hela. Alivimwagia, akafunika kwa nailoni, akaviacha kuanzia saa 6 mchana mpaka jioni. Nilikuwa nimekuja na siki yangu, nikamuuliza kama aongeze.

"Siki ni ya samaki, mama. Mbona samaki tunamkamulia ndimu? Harufu ya samaki inakufa kwa ukali. Haya maziwa yenyewe tayari ni makali, yanataka soda."

Nimelifikiri sana neno hilo, na ni kweli tupu. Harufu ya samaki ni ya upande wa magadi, asidi ya ndimu au siki inaituliza. Harufu ya maziwa yaliyooza ni asidi, inatulizwa na bekingi soda. Nilikuwa nimenyunyiza siki kwenye kapeti wiki mbili, yaani naongeza ukali juu ya ukali. Jambo la kutisha zaidi alilonikataza ni kuchanganya siki na jiki. Mchanganyiko huo unatoa hewa ya klorini, na ndani ya gari lililofungwa hiyo hewa inaweza kukuumiza mapafu. Jiki pia haigusi mkanda wa siti, inaudhoofisha.

Mkanda. Huo nisingeufikiria maisha yangu yote. Sehemu ya chini ilikuwa imelowa siku ile, halafu ikajivuta na kujiviringisha ndani ya nguzo, na ikawa inatoa harufu kila nikijifunga, begani kabisa, karibu na pua. Fundi aliuvuta wote mpaka mwisho, akaubana pale juu kwa kibanio cha nguo usirudi, akauloweka kwenye ndoo ya maji ya sabuni ya kawaida, akausuuza, akauacha na kibanio chake usiku mzima ukauke kabla ya kuuachia. Kwa kibanio kile peke yake ningemlipa tena.

Godoro na kapeti vilikaa juu ya mabati ya banda lake siku ya pili nzima, vikigeuzwa. Mvua ilipotishia akavishusha na kuviwekea feni. Kwa bahati jua lilipiga. Vilipokauka akavinyunyizia bekingi soda kavu, akaviacha saa kadhaa, akanyonya kwa mashine. Yale madoa ya kutu aliyakwangua na kuyapaka rangi ya kuzuia kutu.

Kiyoyozi nitakisema kwa ufupi. Alifungua kisanduku cha dashibodi upande wa abiria, nyuma yake akachomoa filta ya hewa ya ndani. Ilikuwa nyeusi, ina majani makavu na manyoya ya kuku. Nina gari hili miaka 5 na hakuna fundi aliyewahi kuniambia ipo. Mpya 25,000. Akazibua na mpira wa kutolea maji ya kiyoyozi, uliokuwa umeziba, na akanipa desturi moja ambayo nimeishika: dakika chache kabla ya kufika zima ubaridi, feni iache iendelee, ili kule ndani pakauke pasiote ukungu. Harufu ile ya soksi inayotoka ukiwasha kiyoyozi asubuhi inatoka hapo.

Mwisho kabisa akaleta mashine ya ozoni. Wengi wanaitangaza kama muujiza, na wapo wanaokutoza kwa hiyo tu bila kuosha kitu. Ozoni ni oksijeni ya atomi tatu badala ya mbili, na ile ya tatu haitulii, inakwenda kuunguza chembe za harufu zilizobaki kwenye silingi, kwenye siti na kwenye njia za hewa. Chini ya godoro lililolowa haifiki. Ndiyo maana yeye aliiweka mwisho, gari likiwa limeshakuwa safi na kavu: dakika 20, feni ikizungusha hewa ya ndani, vioo vimefungwa, hakuna mtu wala paka ndani. Kisha milango yote wazi karibu saa nzima. Ozoni inaumiza mapafu, na ikizidi inapasuapasua mipira. Mtu akikuambia ukae ndani wakati mashine inafanya kazi, shuka. Baada yake gari lilikuwa na harufu kama ya hewa baada ya radi, na kesho yake hata hiyo haikuwepo.

Kasoro zake nazisema pia. Aliahidi siku mbili, nikalichukua siku ya tatu adhuhuri, na biashara ya siku ile nikaipoteza. Klipu moja ya plastiki ya kizingiti ilivunjika, na sehemu hiyo mpaka leo inagongagonga kwenye barabara mbovu. Alisema ataleta nyingine, bado namsubiri. Mfuko wa pembeni wa buti, panapokaa jeki, aliusahau, mimi ndiye niliyenusa na kumwonyesha maziwa yaliyokauka mle. Aliufanya papo hapo bila ubishi, lakini ilibidi nimwonyeshe. Na simu yake inaita sana bila kupokelewa.

Pamoja na hayo nimeridhika, na nilitaka kuwa na hakika kabla ya kuandika. Ni miezi 4 sasa. Nimelifungia gari juani mchana kutwa Kariakoo, nikarudi, nikafungua mlango wa dereva nikapiga goti kama yeye, pua kwenye kapeti. Linanuka kapeti. Mvua za mwisho za mwezi wa tano zilipopiga nikajaribu tena, maana unyevu ndio unaofufua harufu iliyojificha. Hamna kitu. Mjukuu wangu wa miaka 6, aliyekuwa anagoma kupanda, sasa analala ndani njia nzima. Yule mama wa Magomeni nilimpelekea lita 2 bila malipo, nikasimama mlangoni mpaka alipoonja.

Ukitaka kumjua fundi wa kweli kabla hujampa hela, muulize kama atang'oa siti na kuinua kapeti, na muulize atakausha vipi na kwa siku ngapi. Anayekujibu saa mbili, mshukuru uondoke. Kama kilichomwagika ni kidogo na umekiwahi siku hiyo hiyo, hata yeye humhitaji: nyonya kwa taulo kavu bila kusugua, maji ya baridi kidogo, nyonya tena, rudia mpaka taulo litoke safi, dawa ya vimeng'enya, feni, bekingi soda kesho yake. Kitu ambacho sikukifanya siku ile Kiluvya ni kuinua kapeti tu nikaangalia chini.

Siku hizi chini ya vyombo natandika karai pana la plastiki gumu lenye kingo za kiganja kimoja, nimelinunua 18,000, na dumu la kuazima sipokei tena. Maziwa yakizidi, yanabaki Mlandizi.